Nimepata grupu la vijana wa Kiyahudi toka Marekani mwezi wa saba, waliowahi kuhudumia hawa watu njooni hapa

binti_sakina

Habari za jioni wadau. Nina kikampuni kidogo cha safari hapa Arusha, gari mbili na madereva wa kuitwa kazi ikiwepo, wateja wangu wengi ni familia na wastaafu wanaokuja kuangalia wanyama wakapunge hewa Zanzibar warudi kwao. Sasa kuna wakala wa Marekani kanitumia imeili wana programu ya summer ya vijana wa Kiyahudi, umri miaka 15 mpaka 17, pamoja na viongozi wao wanafika ishirini na kitu, watakaa wiki mbili na ushee kuanzia katikati ya Julai 2026, nusu Arusha nusu Moshi.

Kinachonichanganya ni kwamba hawa sio wa simba na tembo tu. Wanataka mbuga siku mbili basi, zinazobaki wanataka sehemu zenye historia, kukaa na vijana wenzao wa hapa waongee, kazi kidogo ya kujitolea, chakula kiwe kosher (cha kufuata sheria za dini yao) na "Shabbat (Sabato yao) iheshimiwe". Nimesoma ile imeili mpaka macho yakauma nimeambulia nusu.

Ratiba niliyochora mimi: wiki ya kwanza Tarangire, Ijumaa kushuka Kreta ya Ngorongoro halafu kurudi Arusha jioni, Jumamosi Materuni maporomoko na kahawa, wiki ya pili Moshi, Jumatano Chemka kuogelea, Alhamisi bonge la nyama choma Marangu na ngoma, halafu siku moja kwenye kituo cha watoto yatima ambacho nakifahamu. Lodji tunayotaka kutumia ni ile ya Usa River (nimefuta jina, kuna mtu kaniambia inboksi nilifute). Naombeni mnikosoe kabla sijaituma, na kama kuna mtu anajua jiko la kosher linaendeshwaje anisaidie maana mpishi wangu kaniuliza "ni kama halali tu eti?" nikakosa jibu.

chuma_cha_kisongo

Dada pokea deposit kwanza mengine utajifunzia barabarani 😂

Ila seriously hiyo ya Kreta Ijumaa ifute kabisa. Hawa watu jua likizama Ijumaa hawapandi gari. Karatu mpaka Arusha mjini sio mbali kwenye ramani lakini weka tochi za trafiki, weka vijiji vya hamsini hamsini, weka foleni ya kuingia mjini, mtu katoka kreta saa tisa mchana unamfikishaje Usa River kabla ya saa kumi na mbili. Mimi nawapelekaga Jumatatu au Jumanne. Ijumaa wape kitu cha hapo hapo karibu, saa nane wawe wamefika wanaoga.

mpishi_wa_kempu

Kosher sio halali. Zinafanana sehemu chache tu, kama nguruwe hagusi mtu, baada ya hapo kila mmoja na njia yake. Nimepika kwenye kempu zenye wageni wa hivi kwa hiyo ngoja niandike kirefu kidogo mnisamehe.

Nyama ya bucha ya halali hawali, lazima achinje mtu wao aliyesomea, na huyo huku humpati kirahisi. Ngamia kwa Muislamu ruksa, kwao hapana. Sungura hapana. Halafu nyama na maziwa havikutani, sio kwenye sufuria, sio kwenye sahani, na ukishakula nyama unasubiri masaa ndo unywe chai ya maziwa. Maana yake ukitaka kuwalisha vyote viwili unatakiwa uwe na vyombo seti mbili na watu wa kuvilinda visichanganyike, na jikoni kwetu unajua wenyewe tulivyo, kijiko kimoja kinakoroga nyumba nzima. Ushauri wangu achana na nyama kabisa, pika samaki, mayai na mboga. Hivyo havihesabiki kwenye nyama wala maziwa.

Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Sato sawa, perege sawa, sangara sawa. Kambale hapana, hana magamba. Pweza, ngisi, kamba, kaa, vyote hapana. Na hapa ndo watu wanakosea, USINUNUE fileti iliyovuliwa ngozi, hata kama wewe unajua ni sato yeye hana namna ya kujua, nunua samaki mzima au mwenye ngozi aone magamba kwa macho yake. Mkiwa Moshi agiza perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, waje wazima, waambie wenye boti kambale wasichanganye kwenye deli moja.

Mayai unapasua moja moja kwenye glasi, ukiona doa la damu unatupa. Mboga za majani ni wadudu ndo shida, mchicha na figiri osha kwa maji ya chumvi jani kwa jani, kabichi fungua yote. Ukiona muda hautoshi wape karoti, nyanya, tango, parachichi, kachumbari wanapenda sana. Matunda mazima hayana neno. Mafuta tumia ya alizeti sio ya mnyama. Unga, mchele, maharage chagua vizuri mbele yao, wao wanafurahi wakiona unachagua.

Sufuria nunua mpya. Za zamani zipo taratibu za kuzichemsha na kuzichoma kwa moto lakini hiyo ni kazi ya kiongozi wao wa dini sio yako, na ukipiga hesabu ya muda sufuria mpya za Soko Kuu ni nafuu. Visu vipya, mbao za kukatia mpya, sahani unaweza kutumia za karatasi. Na kila asubuhi mmoja wao, Myahudi, ndo awashe jiko. Akiwasha kiberiti tu basi, wewe endelea kupika. Ukimwambia kiongozi wao "njoo uwashe moto" atakuangalia usoni aone kama unatania, halafu mtakuwa marafiki mpaka mwisho wa safari.

Mbuzi choma sahau, samahani dada.

kijana_wa_soweto_moshi

Mpishi umeua 👏👏 ila dada kabla hujanunua hata sufuria moja rudi kwa wakala umuulize swali moja, HAWA NI WA MRENGO GANI. Ndo linalobeba kila kitu.

Mimi nilifanya kazi summer kwenye kempu ya Kiyahudi kule Marekani nikiwa nasoma, jikoni na uwanjani, nikajifunza kwamba hakuna "Wayahudi wanafanya hivi" kuna Wayahudi hawa na Wayahudi wale. Wana jumuiya za vijana kila mrengo na ya kwake. NFTY ni ya Reform, hao wengi wao watakuambia tu msituwekee nguruwe, na Jumamosi wengine simu wanashika. USY ni Conservative, wapo katikati, kosher wanashika. NCSY ni Orthodox, hapo ndo kila alichoandika mpishi kinafuatwa na zaidi. BBYO ni mchanganyiko, ilianzia Omaha, Nebraska miaka ya 1920, unakuta kwenye basi moja mtoto anayesali mara tatu na mwenzake ambae sinagogi anaenda mara moja kwa mwaka, wanachofanya ni kuweka kiwango cha yule anayeshika sana ili kila mtu aweze kula meza moja.

Hizi safari za summer kwao ni kitu kikubwa sana, usione kama likizo. Mtoto anakaa kempu tangu mdogo, akifika kidato cha nne hivi kwa hesabu za huku anaenda safari na wenzake wa rika lake. Wengi wanapelekwa Israel wiki tatu, nne, tano. Wengine wanazungushwa Marekani yenyewe kwa basi, USY wana hiyo safari ya basi tangu 1957, wanaendesha wiki nzima lakini Ijumaa basi linapaki mpaka Jumamosi usiku. Wengine Ulaya kuona sehemu babu zao walipotolewa. Kila jioni wanakaa duara wanachambua siku, wanabishana, yaani wanabishana kwelikweli mpaka unadhani wamegombana, halafu wanaimba. Viongozi wao unakuta ni wanachuo wa miaka 20 hivi wanaitwa madrichim.

Kwa hiyo dada usijaze ratiba. Hicho ndo kitu wakala wengi wa huku hatuelewi, tunaona mzungu kalipa basi azungushwe kuanzia asubuhi mpaka usiku apate thamani ya hela yake. Hawa ukiwanyima ile saa moja na nusu ya jioni ya kukaa duara umewaharibia programu yote hata kama umewaonesha faru. Chuma yupo sahihi kuhusu Ijumaa na mimi naongeza, Jumamosi Materuni haiwezekani kama wanashika Shabbat, mtafikaje bila gari?

binti_sakina

Jamani asanteni mno, mpishi nimecheka hiyo ya kijiko kimoja maana ni kweli tupu. Nimemuuliza wakala kajibu haraka sana, ni mchanganyiko lakini programu yenyewe inashika kosher na inashika Shabbat kwa wote. Kwa hiyo Kreta nahamishia Jumatatu. Sasa Jumamosi nzima nawafanyia nini watoto ishirini bila gari bila simu?

mpare_wa_same

Binti nikusaidie mimi Msabato. Kwetu Upare Sabato tunaitunza tangu wamisionari wa Kijerumani walipofika 1903, na sisi pia inaanza Ijumaa jua likizama, kwa hiyo usiogope hii kitu unaijua ila hujawahi kukaa nayo tu. Maandalizi yote ni Ijumaa. Ijumaa jioni ukifika kwa Msabato ukakuta bado anafua ujue kuna tatizo nyumba hiyo.

Tofauti ni kwamba wenzetu wana mambo zaidi. Sisi gari tunapanda kwenda kanisani, wao wanaoshika hawapandi. Taa hawawashi wala hawazimi. Kwa hiyo lodji yako ikague macho wazi. Vyumba vinavyofunguliwa kwa kadi vitakusumbua, omba funguo za chuma. Taa za kujiwasha mtu akipita kwenye korido zizimwe hicho kipengele. Taa ya chooni iachwe inawaka tangu Ijumaa, na waambie wahudumu WASIPITE WAKIZIMA kwa kubana umeme, maana ikizimwa wale watoto hawatawasha na wengi hawatakuomba uwashe, watakaa gizani. Eneo liwe na uzio mzima, kwao kubeba vitu nje siku hiyo ni shida, hata chupa ya maji, ndani ya uzio viongozi wao wataangalia wenyewe wakiona unafaa.

Na usifikiri watoto watachoka. Siku ya bila simu na bila gari ndo siku wanayolala, wanacheza karata, wanapiga stori, wanasoma. Wape kivuli na nyasi na chakula kingi.

mpishi_wa_kempu

Na hapo kwenye chakula cha Jumamosi ndo pazuri sasa, kwa sababu kupika siku hiyo hairuhusiwi lakini kula cha moto inaruhusiwa kama kilikuwa motoni tangu Ijumaa. Wana chakula chao kinaitwa cholent, maharage na ngano au shayiri na viazi, na nyama ikiwepo, kinakaa moto mdogo usiku kucha. Nikiwaelezea watu wa huku nawaambia ni makande tu yaliyokesha. Pika makande Ijumaa mchana, mpaka jua linazama yawe yameshaiva, funika jiko la mkaa kwa bati, tia sufuria juu ya bati, funga mfuniko, halafu USIKOROGE mpaka kesho. Asubuhi yanakuwa mekundu yamelainika, tia parachichi pembeni. Maji ya chai weka kwenye termosi kubwa kabla ya jua kuzama.

Mikate miwili mizima ya Ijumaa usiku wanasuka wenyewe kama nywele, wape unga na hamira na oveni mchana watoto watajazana jikoni. Juisi ya zabibu wataleta wao, ya duka letu hawanywi. Na Jumamosi giza likiingia nyota tatu zikionekana wanafunga siku kwa mshumaa wa kusuka na kunusa viungo, wape karafuu na mdalasini, karafuu za Unguja fungu la buku mbili linawatosha, wanasema kwao wananunua kwenye kichupa kidogo bei ya ajabu.

simba_wa_unga

Kwahiyo tunawapikia makande Wayahudi wakati Gaza watoto wanakufa? Hongereni sana.

ami_ngarenaro

Kaka simba, mimi ni Muislamu, Palestina nainyanyulia mikono kila Ijumaa na sitaacha. Ila mtoto wa miaka 15 wa New Jersey hajarusha bomu wala hajapiga kura. Serikali ya Israel ni kitu kimoja na Wayahudi wa Marekani ni kitu kingine, na ukikaa nao hao hao utakuta wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya hiyo vita kuliko sisi hapa. Dada kauliza sufuria tumjibu sufuria.

Na kwa faida ya wote, hawa wakisali wanageukia Jerusalem, kutoka Arusha hapa ni kaskazini karibu kabisa, yaani uso kwa Meru, na wakiwa Moshi wanaangalia Kibo. Kibla chetu kipo upande huo huo ila kulia kidogo. Ukiwatafutia ukumbi wa kusalia angalia hilo, wape wenye dirisha la upande wa mlima.

mwl_historia_tengeru

Binti Sakina kwenye historia umepita haraka sana wakati una hazina mlangoni. Wageni wa kawaida hawana habari nayo ila hawa watakushukuru maisha.

Kwanza AICC, kile kituo cha mikutano cha kimataifa hapa Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliundwa mwezi Novemba 1994 ikawekwa hapa Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998 ndani ya mji huu huu ikatoka hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Ndo mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumkuta mtu na hatia ya kosa la mauaji ya kimbari, na ndo hukumu iliyosema ubakaji nao unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Walishtakiwa watu 93 mpaka inafungwa mwisho wa 2015, kazi zilizobaki zikahamia kwenye chombo kingine cha Umoja wa Mataifa kipo Lakilaki, njia ya kutokea mjini. Sasa unajua ni nani aliyelipa jina kosa lenyewe? Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliyekimbilia Marekani, akalitunga hilo neno mwaka 1944 wakati ndugu zake wengi wanauawa na Wanazi. Akahangaika na mabalozi mpaka mkataba ukapitishwa tarehe 9 Desemba 1948. Ukatulia miaka karibu hamsini ndo ukaja kutumika kumhukumu mtu ARUSHA. Watoto wa Kiyahudi hilo jina la Lemkin wengine wamelisikia shuleni, lakini nakuhakikishia hawajui kwamba stori yake inapita karibu na mnara wa saa. Andika barua mapema Lakilaki uombe kutembelea, hawapokei mtu wa kubisha hodi tu. Ukimpata na Mnyarwanda wa kuongea nao ambae yuko tayari mwenyewe, bora zaidi, ila usimlazimishe mtu.

Pili hapa kwetu Tengeru, ndani ya chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Wakati wa vita ya pili ya dunia walikaa hapa wakimbizi wa Kipolandi wapatao elfu tano, walikuwa wamepelekwa Siberia na Warusi, wakatokea Iran ndo wakaletwa huku kuanzia 1942, wengi wanawake na watoto. TAHADHARI usije ukawaambia wageni ni makaburi ya Wayahudi, wengi sana walikuwa Wakatoliki. Nimeshamsikia mwongoza watalii mmoja anadanganya hivyo mchana kweupe. Wapeleke kwa sababu ni stori ya watoto wa rika lao waliotupwa mbali na kwao wakafungua shule na kanisa chini ya Meru.

Tatu, watakuuliza Uganda. Mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi eneo Afrika Mashariki, mkutano wao wa Basel ukavurugana, 1905 wakakataa. Vitabu vyao vinaita "mpango wa Uganda" lakini ardhi yenyewe ni Uasin Gishu, upande wa Eldoret, Kenya ya leo. Na Uganda kweli wapo Wayahudi weusi, Abayudaya, karibu na Mbale, walioanzishwa na Semei Kakungulu 1919, jemadari aliyesoma Biblia akaamua kufuata Agano la Kale kama lilivyo. Dereva wako akiyajua haya mawili tu, tip yake mara mbili.

chuma_cha_kisongo

Mwalimu hiyo ya mwongoza watalii kudanganya si mimi 😂😂 ila naanza kuandika notisi

mama_wa_majengo

Mimi nataka kusema kwenye kituo cha yatima. Usiwapeleke. Nimefanya ustawi wa jamii hapa Moshi miaka mingi, watoto wa vituo wanashikwashikwa na kupigwa picha na wageni wapya kila wiki, mgeni akiondoka mtoto analia, na wengi wao sio yatima kabisa wana mama zao, wapo pale kwa sababu pale ndo penye wafadhili. Vituo vingine vinaletewa watoto kwa sababu ya wageni. Hata hao viongozi wao wakija na akili zao watakukatalia.

Pia kujitolea kuna sheria, viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi hata kama halipwi, ulizia uhamiaji kabla hujaandika neno "volontia" kwenye ratiba. Wape kitu cha kushiriki pamoja na watu, sio kuwafanyia watu. Katikati ya Julai shule zinakuwa zimeshafungua, tafuta sekondari yenye klabu ya mdahalo wabishane, si mnasema wanapenda kubishana, basi watoto wetu nao hawajambo. Au kule juu Uru na Kibosho mnaongea na mwenyekiti wa kijiji siku ya msaragambo (kazi ya pamoja ya kijiji) wa kusafisha mfongo (mfereji wa maji), wanashika majembe pamoja na wenzao wanaelezwa maji ya mlima yanagawanywaje. Hapo hakuna anayemsaidia mwenzie, kila mtu anatoka na matope.

binti_sakina

Mama nimekuelewa na kituo nakitoa, nilikuwa nafuata mazoea ya mji. Msaragambo nimeupenda sana.

kijana_wa_soweto_moshi

Dada nimerudi, kuna kitu kikubwa nimekiona kwenye ratiba yako nimeshtuka. Umesema Jumatano Chemka na Alhamisi nyama choma na ngoma, wiki ya pili. Julai 2026 hiyo Jumatano ni tarehe 22 na Alhamisi ni 23. TAREHE 23 NI TISHA B'AV!!

Hiyo ni siku yao ya msiba mkubwa kuliko zote kwenye mwaka, wanaomboleza kubomolewa kwa mahekalu mawili ya Jerusalem, la kwanza na Wababeli na la pili na Warumi mwaka 70. Wanafunga kuanzia jua kuzama Jumatano mpaka usiku wa Alhamisi, hakuna chakula hakuna MAJI, hawavai viatu vya ngozi, hawaogi kwa starehe, hata kusalimiana kwa furaha hawasalimiani. Kwenye summer inawakuta kila mwaka kwa hiyo kempu zote na safari zote zinaijua, wakala kasahau kukuambia au kadhani unajua. Na sio siku hiyo tu, siku tisa zinazoishia nayo, kuanzia tarehe 15, wanaoshika hawali nyama isipokuwa Shabbat na hawaendi kuogelea kwa kujifurahisha. Yaani grupu lako linafika ndani ya hizo siku tisa. Menyu ya samaki na mboga ya mpishi imekaa kama ilitungwa kwa ajili yao.

Chemka peleka baada ya Shabbat ya wiki hiyo, maana wanaoshika wanaendelea na maombolezo mpaka Ijumaa mchana. Ngoma pia. Jumapili ya 26 wape Chemka, watapiga kelele mpaka Boma Ng'ombe wasikie.

binti_sakina

Mungu wangu. Ningewapeleka watoto wa watu kwenye nyama choma siku ya kufunga kavu na ngoma juu 🙈 Sasa Alhamisi nzima nawaweka wapi, walale tu?

mwl_historia_tengeru

Hiyo ndo siku ya Lakilaki. Ni siku ya kazi, ofisi zipo wazi, ni kukaa na kusikiliza sio kutembea juani. Waulize viongozi wao ila mimi sioni siku nyingine inayofaa zaidi. Ina maana wiki ya pili ubaki nao Arusha, na Moshi uifanye mwanzoni. Geuza tu.

kijana_wa_soweto_moshi

Mwalimu umenipiga bao. Kweli kabisa, kwenye kempu siku hiyo mchana huwa tunawapa mada nzito za hivyo hivyo. Waende asubuhi kabla njaa haijakolea, mchana wapumzike, gari lisiwe na muziki. Mwambie dereva asiwe anawatolea maji ya chupa kwa ukarimu kila dakika tano, ila ayabebe, maana akizidiwa mtoto viongozi watamwambia anywe, kwao afya inatangulia.

chuma_cha_kisongo

Vitu vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyesema. Getini mtoto wa 15 analipa bei ya mtoto, wa 16 ni mtu mzima, kwa hiyo omba nakala za pasi zote mapema upige hesabu sawasawa usije ukalia Tarangire. Viza ya Mmarekani ni dola 100 ya kuingia mara nyingi, usiwape bei ya hamsini ya Wazungu wengine. Watoto wanasafiri bila wazazi, viongozi waje na barua za ruhusa zimesainiwa. Na waambie waziwazi kwamba summer yao ni baridi yetu, wataleta kaptula na sandozi halafu Kreta asubuhi unawakuta wanatetemeka kwenye kingo, waje na sweta.

Na ratiba yenye tarehe na majina ya hoteli usiibandike mtandaoni popote, hata status. Wape polisi wa utalii na lodji basi. Grupu la watoto, na la Kiyahudi, sio kitu cha kutangaza.

ami_ngarenaro

Usiku wa Jumatano wanakaa chini sakafuni wanasoma Maombolezo kwa mishumaa, nilishawahi kuelezwa hilo na mgeni mmoja. Lodji nyingi sakafu ni vigae na Julai hapa unajua vigae vilivyo. Dada nina mikeka ya shughuli, mikubwa ya plastiki na ya ukindu, nakodisha kwa misiba na maulidi, njoo inboksi tuelewane. Ya ukindu wachukue mapema, mwezi wa saba kuna harusi nyingi.

binti_sakina

Ami nimekuja inboksi, nataka kumi ya ukindu. Mpishi na wewe angalia inboksi yako, nataka uje jikoni kwangu siku ya kwanza umsimamie kijana wangu, bei sema wewe. Wakala nimemwandikia asubuhi hii kuhusu tarehe 23, kajibu kwa herufi kubwa tupu, anasema ofisi nzima walikuwa wanaangalia tarehe za ndege hakuna aliyefungua kalenda.

mpishi_wa_kempu

Nimeona. Nakuja, ila zile sufuria mpya usimwachie mtu apikie ugali wa wafanyakazi kabla hatujaanza. Zifungie stoo.